Shule ya Sekondari Kibaha

Shule ya Sekondari Kibaha ni shule ya serikali ya bweni kwa wavulana, iliyopo mkoani Pwani, Tanzania. Ilianza miaka ya 1960 chini ya mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, uliozaa pia Shirika la Elimu Kibaha. Rais wa nne, Jakaya Kikwete, alisoma hapo.

Ni miongoni mwa shule za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Mwanafunzi hajiombei nafasi ya kidato cha kwanza: serikali huwapanga waliofaulu vizuri zaidi mtihani wa darasa la saba kutoka mikoa mbalimbali. Kwa kidato cha tano hutazamwa matokeo ya kidato cha nne.

Ufaulu wake ni wa juu, na wengi hupata daraja la kwanza, yaani, kwa kidato cha nne, pointi 7 hadi 17 katika masomo saba. Hata hivyo, matokeo hayo hayapimi ufundishaji peke yake, kwani shule hupokea vijana waliokwisha kuchujwa. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora.