Daftari la Kanisa na Ulimi wa Mji: Utafutaji wa Nasaba katika Colyton, Uingereza

Katika taaluma za Kiswahili, mjadala kuhusu nasaba umeendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba kuna aina mbili za ushahidi zisizokutana: ule wa maandishi, ambao huaminiwa, na ule wa mdomo, ambao hutiliwa shaka. Habari za Pate, ambazo tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa na C. H. Stigand mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya Bwana Kitini, zimepimwa mara nyingi kwa mizani hiyo na kuonekana zimepungukiwa. Ni nadra, hata hivyo, kwa wapimaji hao kuigeuza mizani na kuuliza hali ya watu wanaodhaniwa kuwa na maandishi ya kutosha. Mhadhara huu unauchukua mji mmoja mdogo wa Uingereza, Colyton, ulioko mashariki mwa kaunti ya Devon, na kuchunguza ni kwa kiasi gani mtu ambaye wazee wake walizaliwa hapo anaweza kuifuata nasaba yake kwa karatasi peke yake.

Colyton haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Mnamo Septemba 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Parokia nyingi zimepoteza madaftari yao ya awali, lakini ya Colyton yamesalia tangu mwaka huo wa amri. Ndiyo sababu mwanahistoria E. A. Wrigley, mmoja wa waasisi wawili wa kikundi cha utafiti wa historia ya idadi ya watu kilichoanzishwa Cambridge mwaka 1964, aliuchagua mji huu ili kuijaribu mbinu ya Mfaransa Louis Henry, yaani kuziunda upya familia kwa kuunganisha ubatizo, ndoa na mazishi ya kila mtu, jina kwa jina. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1966 yaliwashangaza wengi. Wanawake wa Colyton kati ya 1560 na 1646 waliolewa kwa mara ya kwanza wakiwa na wastani wa miaka 27. Kati ya 1647 na 1719 wastani ulipanda hadi 29.6, na kati ya 1770 na 1837 ulishuka hadi 25.1. Picha ya bibi wa kale aliyeolewa akiwa binti mdogo haikupata ushahidi hapo.

Takwimu hizo, hata hivyo, ni za wale waliobaki. Ili umri wa mtu wakati wa ndoa ujulikane, ni lazima awe amebatizwa na kuoa au kuolewa katika parokia ileile. Aliyehamia mji wa pili kutafuta kazi huingia daftarini kama mtoto, kisha hutoweka. Kwa mwanatakwimu huo ni upungufu unaoweza kufanyiwa hesabu. Kwa mtafuta nasaba mambo ni magumu zaidi, kwa maana mtu huyohuyo aliyetoweka ndiye huenda akawa babu yake.

Ugumu wa kwanza ni wa kalenda. Hadi mwaka 1752 mwaka wa Uingereza ulianza rasmi tarehe 25 Machi. Wawili waliofunga ndoa Aprili 1645 na kumbatiza mtoto Februari 1645 hawakuzaa kabla ya ndoa. Mtoto huyo amekuja miezi kumi baadaye, Februari ambayo leo tungeiita ya 1646. Si haba nasaba zilizotiwa doa la haramu na wajukuu wenyewe kwa kutolijua jambo hili.

Ugumu wa pili ni wa lugha, na hapa ndipo mwanaisimu anapokuwa na la kusema kuliko mwanahistoria. Makarani wengi wa karne ya kumi na sita waliandika kwa Kilatini, na katika Kilatini jina Jacobus ni la Jacob na pia la James. Majina ya ukoo, kwa upande mwingine, yaliandikwa kama yalivyosikika. Lahaja ya Devon huitamka f ya mwanzo wa neno kama v, na s kama z. Hivyo ukoo wa Fowler unaweza kuonekana kwa jina la Vowler, na jina Venn si lingine bali neno la Kiingereza la ardhi ya majimaji lenye f. Anayetafuta chini ya herufi F tu atarudi mikono mitupu. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kuona mtanga wa Mvita ukiwa mchanga Unguja, na ndia ya Amu ikiwa njia, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Mgumu kuliko yote ni msamiati wa udugu, kwa sababu maneno yake yanaonekana yanafahamika. Katika wasia wa karne ya kumi na saba, neno "cousin" halikubanwa kwa mtoto wa ami, mjomba, khalati au shangazi kama lilivyo leo. Lilitumika kwa jamaa yeyote asiyekuwa mzazi, mtoto wala ndugu wa tumbo moja, akiwemo mtoto wa kaka au wa dada. "Father-in-law" angeweza kuwa baba mkwe, lakini pia baba wa kambo. "Nephew" wakati mwingine alikuwa mjukuu, kama asili yake ya Kilatini, nepos, inavyodokeza. "Mrs" kilikuwa cheo cha mwanamke mwenye hadhi, awe ameolewa au hajaolewa. Na watu wawili wenye jina moja, mmoja akiitwa mkubwa na mwingine mdogo, hawakulazimika kuwa baba na mwana. Mara nyingi ilikuwa njia ya mji kuwatofautisha tu. Waingereza wenyewe husoma wasia kama huu kwa uhakika usiostahili. Mswahili, ambaye neno lake ndugu hubeba watu wengi kwa hesabu mbalimbali na ambaye ana baba wadogo na wakubwa bila kuwachanganya na mzazi wake, angeusoma kwa tahadhari zaidi.

Hatua ya kutoka kwenye jina hadi kwa mtu, basi, haivukwi kwa daftari pekee. Inahitaji historia ya mji: nani alilima shamba gani, nani aliishi mtaa upi, nani alidaiwa na nani. Colyton una bahati hapa pia. Mwaka 1546 baadhi ya wenyeji waliyanunua kutoka kwa Henry VIII mashamba aliyokuwa amemnyang'anya Henry Courtenay, Mtwaliwa wa Exeter, baada ya kumuua kwa tuhuma za uhaini. Wakaunda baraza la wadhamini wa mali ya mji, ambalo lingalipo. Pale ambapo watu wawili wa jina moja hawatenganishiki katika ubatizo, mkataba wa ardhi unaweza kuwatenga, maana mmoja ana shamba na mwingine hana.

Historia ya mji hueleza pia ukimya wa daftari. Kati ya mwisho wa 1645 na mwisho wa 1646 tauni iliua watu wapatao mia nne wa Colyton; familia nzima zilikatika, na jina linalokoma ghafla katika miaka hiyo halihitaji maelezo mengine. Mwaka 1653 serikali iliyomwondoa mfalme iliwapokonya makasisi kazi ya kuandikisha na kuwapa ndoa mahakimu, hali iliyodumu hadi 1660, na katika parokia nyingi za Uingereza kuna mapengo ya miaka hiyo. Mwaka 1685 vijana wa Colyton walijiunga kwa wingi na Mtwaliwa wa Monmouth, aliyetia nanga Lyme Regis, si mbali na hapo, ili kuutwaa ufalme. Baada ya kushindwa kwake Sedgemoor tarehe 6 Julai, baadhi ya wafuasi wake walinyongwa, na mamia wakapelekwa visiwa vya Karibi kufanya kazi ya kulazimishwa. Mtu aliyebatizwa, akaoa, kisha asizikwe popote, huenda mifupa yake iko Barbados. Daftari la kanisa halina safu ya kuandikia jambo kama hilo.

Maskini ana nafuu yake ya ajabu. Sheria ya mwaka 1662 iliziruhusu parokia kumrudisha kwao mgeni aliyeelekea kuwa mzigo, na ili kujua kwao ni wapi ilibidi ahojiwe mbele ya mahakimu: alizaliwa wapi, alitumikia kwa nani, kwa muda gani, ameoa wapi. Mahojiano hayo yaliandikwa. Kwa hiyo kibarua asiyejua kusoma anaweza kuwa ameacha tawasifu fupi, ilhali fundi wa viatu mwenye kujitosheleza, ambaye hakuna aliyetaka kumfukuza, ameacha tarehe tatu tu. Ikumbukwe kwamba tawasifu hiyo ilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa na sababu ya kuchagua maneno yake. Nyaraka hizi zinazoitwa za maandishi ni masimulizi ya mdomo yaliyokutana na kalamu.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa hilo hautoki Devon, bali Myddle, parokia ya Shropshire. Huko Richard Gough, aliyezaliwa mwaka 1635, aliandika kati ya 1700 na 1702 historia ya familia za parokia yake kwa kufuata mabenchi ya kanisa. Alichora ramani ya viti, kisha akaeleza benchi kwa benchi ni ukoo gani uliokikalia kiti, kwa haki gani, nani alimwoa nani, nani alikunywa pombe akafilisika. Alitumia hati alizozipata, lakini sehemu kubwa ni yale aliyoyaona na kuyasikia kwa wazee. Kazi hiyo ilianza kuchapishwa mwaka 1834, na wanahistoria wa leo, hasa David Hey katika kitabu chake cha 1974, walipoilinganisha na madaftari walimkuta Gough ni mkweli kwa kiwango kikubwa. Hapana anayemwita Gough mtunga hadithi. Bwana Kitini hajapewa heshima hiyo, japo naye alisimulia ukoo kwa kufuata viti, ingawa vyake vilikuwa vya enzi.

Linabaki suala la akina mama. Madaftari ya ubatizo ya awali mara nyingi yalimtaja baba peke yake, na hata mama alipotajwa, ilikuwa kwa jina lake la kwanza tu. Ukoo wake hupatikana ikiwa ndoa imeonekana, na ndoa kwa kawaida ilifungwa katika parokia ya bibi arusi, ambayo huenda ni nyingine kabisa. Kwa njia hiyo nusu ya nasaba hufifia kila kizazi. Kiolezo kilichochapishwa kwa sheria ya mwaka 1812 kiliwataja wazazi wote wawili, lakini hakikuuliza ukoo wa mama. Uliulizwa nchi nzima, kwa kila mtoto aliyeandikishwa ndani ya ndoa, kuanzia tarehe 1 Julai 1837, pale serikali ilipoanza kuandikisha vizazi na vifo. Na hata hapo hapakuwa na adhabu ya maana kwa mzazi aliyekaa kimya hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1874.