Posho na Moshi: Karne ya Lubumbashi

Tarehe 30 Juni 1911, shaba ya kwanza ilitiririka kutoka kwenye tanuri lililojengwa kando ya mto Lubumbashi, kusini kabisa mwa Kongo. Reli kutoka kusini ilikuwa imefika mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Mji wenyewe, Lubumbashi ya leo, uliopewa wakati huo jina la Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji, ulikuwa bado mistari ya barabara iliyokatwa katikati ya miombo. Hapo kiwanda kilitangulia, watu wakaletwa baadaye, na karibu kila jema na kila baya la mji huo limetokana na mpangilio huo.

Shaba yenyewe haikuwa ngeni Katanga, eneo hilo la kusini. Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, mafundi wa huko waliyeyusha mawe ya kijani na kusubu misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alijenga ufalme wake Bunkeya juu ya shaba, pembe na watumwa, na misafara yake ilifika hadi pwani zote mbili za bara. Alipigwa risasi Desemba 1891 na Omer Bodson, ofisa wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1906, ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, na utajiri ule ukapata mwenyewe mpya.

Kampuni ilikuwa na madini lakini haikuwa na watu. Vijiji vya jirani vilikuwa vichache, na vijana wake hawakuona sababu ya kushuka shimoni. Basi wafanyakazi wakatafutwa Rhodesia ya Kaskazini, halafu Lomami, Kasai na Maniema, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 hata Rwanda na Burundi. Waliofika mwanzoni walilala katika vibanda vya kambi, wakafa kwa nimonia, kuhara damu na homa, na mafua makuu ya 1918 yakaongeza maafa. Wengi walitoroka kabla mkataba haujaisha. Kijijini Katanga ikajulikana kuwa ni mahali ambapo kijana huenda na habari zake hazirudi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo. Hesabu ilionyesha kwamba kumtafuta, kumsafirisha na kumfundisha mtu atakayekufa au kukimbia ni gharama kubwa kuliko kumtunza. Ikaanza mikataba ya miaka mitatu, na mfanyakazi akaruhusiwa, kisha akahimizwa, kuja na mke. Nyumba za matofali zikajengwa, na zahanati na shule za wamisionari zikafuata. Watoto wachanga walipimwa uzito na wauguzi, na mama zao wakafundishwa kushona. Juu ya yote kulikuwa na posho: unga wa mahindi, samaki au nyama, maharage, chumvi na mafuta ya mawese, iliyogawiwa kwa kuhesabu vichwa vya nyumba.

Msomaji asiidharau posho hiyo. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo mwaka wa mvua mbaya ni mwaka wa njaa, chakula kisichotegemea mawingu kilikuwa kitu kikubwa. Mtoto aliyezaliwa kambini alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kufika umri wa kwenda shule kuliko binamu yake aliyebaki kijijini. Huo ndio uliokuwa mvuto wa Élisabethville, na ulikuwa wa kweli. Lakini mkono uliogawa unga ndio ulioshika daftari la kazi na fimbo. Kampuni ilijua nani ameoa, nani amezaa, nani hakuonekana kazini Jumatatu. Aliyefukuzwa kazi alipoteza mshahara, nyumba na chakula cha wanawe siku hiyohiyo. Wakati wa mdororo wa miaka ya 1930 maelfu walirudishwa makwao kwa namna hiyo.

Ramani ya mji nayo ilisema wazi nani ni nani. Kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika uliachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuuvuka bila kibali. Moshi wa kiwanda, wenye salfa, ulifuata upepo unaotoka kusini-mashariki, na miti iliyokuwa kwenye njia yake ilikauka hadi udongo ukabaki wazi.

Desemba 1941 mambo yakapasuka. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, na Union Minière ilikuwa ikidai shaba zaidi kutoka kwa watu walewale kwa mshahara uleule. Wafanyakazi wa kiwanda waligoma na kukusanyika kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9 gavana Amour Maron alifika na askari. Léonard Mpoyi, karani aliyezungumza kwa niaba ya wenzake, aliuawa hapo, na makumi ya wengine pamoja naye. Miaka thelathini baadaye mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huo, alilitia tukio hilo katika mfululizo wake wa picha za historia ya nchi, kando ya picha za Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, ambaye naye aliuawa karibu na mji huohuo Januari 1961.

Kiswahili ndicho kilichowakutanisha watu hawa wa Kasai, Maniema na Ubemba. Kampuni ilikipendelea mahali pa Fanagalo, lugha ya migodini iliyokuja na reli kutoka kusini, lakini kazi ya kukifanya lugha ya nyumbani waliifanya akina mama na watoto wa kambini. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya Élisabethville kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani: mji ulivyoonekana na wapishi na maboi. Inanisikitisha kwamba maandishi haya, ambayo Mswahili wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuyafuata kwa subira kidogo, yamesomwa zaidi na wanaanthropolojia wa Ulaya kuliko na sisi. Gitaa la Katanga lilitufikia kwa urahisi zaidi: Jean Bosco Mwenda na Édouard Masengo waliishi na kupiga Nairobi, na vidole vyao vilisikika katika muziki wa Kenya kwa miaka mingi.

Mwaka 1967 Rais Mobutu alitaifisha kampuni, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Nyumba, shule na posho ziliendelea, na katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Nyuma ya takwimu hiyo mashine zilikuwa zikichakaa bila vipuri huku fedha zikiishia Kinshasa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Wakati huohuo familia za asili ya Kasai, baadhi zikiwa zimeishi Katanga vizazi vitatu, zilifukuzwa kwa jeuri iliyochochewa na wanasiasa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mara moja.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika jinsi watu hao walivyoiona kampuni kama baba aliyewatelekeza. Baba wa nyumbani naye aliyumba: wanawake waliozoea kupokea posho kwa jina la mume ndio waliolisha nyumba, kwa kulima viunga vya mji na kuuza sokoni. Katika kumbukumbu zilizokusanywa, wazee huisimulia kambi kwa hamu, na wazee hao hao husimulia fimbo.

Baada ya 2003 bei ya shaba na kobalti ilipanda tena, na wawekezaji wakarudi. Hata mlima wa mavi ya chuma ulioachwa na tanuri la 1911 umechimbwa upya kwa ajili ya kobalti. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa ukanda huo wa migodi. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, watoto wakiwa nayo zaidi ya wakubwa. Hawa ni watoto ambao hakuna kampuni inayowapima uzito.