Mbwa waongozaji wa wasioona na wanaowapigania: Fahamu mambo yalivyo



Juzi kwenye daladala alipanda mzee mmoja asiyeona, kashikwa mkono na mjukuu wake wa kama miaka tisa hivi. Ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, wenzake wako darasani. Nikabaki najiuliza, huyu dogo atasoma lini? Nilipofika nyumbani nikaanza kutafuta habari za mbwa waongozaji, wale wanaowaongoza wasioona huko majuu. Nilichogundua ni kwamba mbwa peke yake hatoshi. Bila watu wa kumpigania, mwenye mbwa anaishia mlangoni.

MBWA ANAFANYA NINI HASA?

Wengi tunadhani mbwa ndiye anayejua njia. Hapana. Anayejua njia ni mtu, yeye ndiye anayesema kulia, kushoto, mbele. Kazi ya mbwa ni kukwepa mashimo, nguzo na watu, na kusimama kwenye ukingo wa barabara. Taa za barabarani hazisomi. Mwenyewe anasikiliza magari, kisha anatoa amri. Lakini akisema "twende" na gari linakuja, mbwa anagoma. Kafundishwa kukaidi pale amri inapokuwa ya hatari. Si mchezo!

YALIANZA WAPI?

Shule za kwanza zilianza Ujerumani mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani habari ilifika kwa makala ya mama mmoja, Dorothy Harrison Eustis, iliyotoka Novemba 1927. Kijana asiyeona wa Nashville, Morris Frank, alisomewa makala hiyo akamwandikia. Mwaka 1928 akaenda Uswisi, akarudi na mbwa jike aitwaye Buddy, na mbele ya waandishi wa habari akavuka naye barabara yenye fujo New York. Mwaka 1929 wakaanzisha shule ya The Seeing Eye, ambayo ipo mpaka leo.

Lakini kupata mbwa ilikuwa nusu ya safari. Mahoteli, migahawa na treni vilikuwa vinasema mbwa haruhusiwi. Frank alizunguka miaka mingi akibembeleza na kubishana. Kufikia 1956 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria za kuwaruhusu mbwa hawa sehemu za umma.

VYAMA VYA WATUMIAJI

Baadaye watumiaji wenyewe wakaunda vyama. Kipo Guide Dog Users, Inc., chenye matawi kwenye majimbo, na pia National Association of Guide Dog Users. Kazi zao ni kuwafundisha wanachama haki zao, kuzungumza na wenye maduka na teksi, kukaa na wanaotunga sheria, na ikishindikana, mahakamani.

Kesi iliyonigusa ni ya Hawaii. Visiwa vile havina kichaa cha mbwa, na kila mbwa aliyeingia alikuwa anawekwa karantini siku 120. Kwa asiyeona hiyo ni miezi minne bila macho yake, na mbwa naye anasahau kazi. Watumiaji wakafungua kesi. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikasema utaratibu ule uliwabagua, kwa hiyo lazima iangaliwe kama upo uwezekano wa kuubadilisha bila kuhatarisha watu. Mwaka 1998 wakapatana: mbwa aliyechanjwa, akapimwa damu na kuwekewa alama ya utambulisho chini ya ngozi, anapita.

Hata leo kazi haijaisha. Mwaka 2014 wasioona wa California waliishtaki Uber kwa madereva kuwakatalia mbwa wao. Walipatana 2016, Uber ikakubali kuwaondoa madereva wanaokataa makusudi. Septemba 2025 serikali ya Marekani yenyewe ikafungua kesi nyingine dhidi ya kampuni hiyo.

SHERIA INASEMAJE KULE?

Tangu Machi 2011, mwenye duka Marekani, kama haieleweki mbwa ni wa kazi gani, anaweza kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai vyeti wala kutoza hela ya ziada. Lakini mbwa akileta fujo na mwenyewe akashindwa kumtuliza, anaweza kutolewa nje. Haki na wajibu, ndiyo hivyo.

NA SISI JE?

Najua kuna watakaosema huku kwetu mbwa ni kichaa, na wengine watataja najisi. Hoja zote mbili ni za kweli, tusizidharau. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu hapa. Lakini Hawaii nao waliogopa kichaa hichohicho, wakapata njia kwa kukaa mezani. Na huko Leicester, Uingereza, mwaka 2008 msikiti mmoja ulimruhusu kijana asiyeona aje na mbwa wake, akimwacha sehemu iliyotengwa mlangoni wakati anaswali. Imani haikuvunjwa, na kijana hakubaki nyumbani.

Sisemi kesho tugawe mbwa Kariakoo. Kwa mitaro ile isiyo na mifuniko na bodaboda zinazopita juu ya njia ya miguu, hata Buddy angegoma kutembea! Ninachosema ni tuige ule mtindo wa watumiaji wenyewe kuungana na kudai. Tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kila Oktoba 15 ni siku ya fimbo nyeupe. Tukianza na kufunika mitaro na kuwaachia njia wenye fimbo, yule mzee anaweza kutembea mwenyewe, na mjukuu akarudi darasani.

Na siku ukimkuta mbwa mwongozaji kazini, usimwite, usimshike, usimpe chakula. Ukitaka kusaidia, ongea na mwenye mbwa kwanza.

Wadau mnasemaje? Kama wewe huoni, au unaishi na asiyeona, tuambie ni kitu gani kinakukwamisha zaidi njiani.

Naomba kuwasilisha.