Msongo wa kazi wakati wa mabadiliko ya taasisi
Msongo wa kazi wakati wa mabadiliko ya taasisi ni mkazo wa akili na mwili unaowapata wafanyakazi pale mwajiri anapounganisha idara, kupunguza watumishi au kubinafsisha shirika. Vyanzo vyake vikuu ni kutojua hatima ya ajira, kuongezeka kwa majukumu na kupungua kwa uhuru kazini. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kuwa mkazo huwa mkubwa zaidi pale kazi inapodai mengi huku mfanyakazi akiwa na nafasi ndogo ya kuamua namna ya kuitekeleza. Utafiti wa Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 miongoni mwa watumishi wa serikali 10,308 jijini London, ulionyesha kwamba afya ya watumishi wa idara iliyokusudiwa kubinafsishwa ilizorota hata kabla ya ubinafsishaji wenyewe, jambo linaloashiria kuwa kusubiri bila uhakika nako hudhuru. Dalili za msongo huu ni pamoja na kukosa usingizi, maumivu ya kichwa, hasira na utoro kazini. Kwa hiyo kutoa taarifa za kweli mapema, kuwashirikisha wafanyakazi na vyama vyao, na kuwapatia ushauri nasaha ni sehemu ya lazima ya mabadiliko yenyewe.