Kutoka Mabamba ya Zinki hadi LUKU

Thomas Edison alipoanza kuuza umeme New York, Septemba 1882, mitambo, nyaya na taa vilikuwa tayari. Kazi ilikuwa kujua kila mteja ametumia kiasi gani. Mita yake ilikuwa chupa yenye mabamba ya zinki yaliyozamishwa katika maji ya dawa. Sehemu ndogo ya umeme wa nyumba ilipitishwa humo, na kadiri taa zilivyowaka ndivyo zinki ilivyohama kutoka bamba moja kwenda jingine. Kila mwezi mabamba yalichukuliwa, yakapimwa kwenye mizani ya kampuni, kisha bili ikaandikwa. Mteja hakuwa na cha kusoma. Alitajiwa deni lake, akalipa au akanung'unika.

Historia yote ya mita iliyofuata ni mvutano huo huo: nani ashike hesabu, na nani amwamini mwenzake.

Mwaka 1889 Ottó Bláthy, mhandisi wa kampuni ya Ganz ya Budapest, alitoa mita ya kisahani. Nguvu ya sumaku inayotokana na umeme wenyewe huzungusha kisahani. Matumizi yakipanda nacho hukimbia, na gia zake husogeza tarakimu. Mita hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 23, mzigo wa kutosha kumtoa mtu jasho, lakini kanuni yake ilidumu zaidi ya karne nzima. Sasa hata mwenye nyumba aliweza kuhesabu uniti zake. Uniti moja ni jiko la wati 1,000 likiwaka kwa saa moja, au taa ya wati 10 ikiwaka kwa saa 100.

Dar es Salaam ilipata umeme mwaka 1908, chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao. TANESCO, leo shirika la umeme la Tanzania, ilianzishwa mwaka 1931. Kwa miongo mingi msoma mita alipita nyumba kwa nyumba, akanakili tarakimu, bili ikafuata. Akikuta geti limefungwa, yalikuja makadirio, na hapo ugomvi ukaanza upya. Kulikuwa pia na wadaiwa sugu, taasisi za serikali zikiwemo.

Miaka ya 1990 ikaja LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na deni likahama upande. Shirika sasa hupokea fedha kabla ya kutoa umeme. Kabla ya simu kubeba pesa, watu walipanga foleni kwenye vituo vya mauzo. Leo namba 20 za kubonyeza kwenye mita huingia kwa ujumbe mfupi. Namba hizo zimefungwa kwa ufunguo wa siri wa mita husika, ndiyo maana za jirani hazikubali kwako, na mita huzifungua yenyewe bila kuhitaji mtandao.

Ndani ya namba hizo mna alama ya muda, iliyokuwa ikihesabu dakika tangu Januari 1, 1993. Nafasi yake ilitosha dakika 16,777,216 tu, nazo zilikuwa zinaisha Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu wateja wa mfumo huu wa namba duniani, wakiwemo wa Tanzania na Kenya, walitakiwa kuingiza kwanza namba za kuboresha mita. Wengi walidhani ni usumbufu wa bure, na maelezo waliyopewa hayakuwasaidia sana.

LUKU iliondoa makadirio lakini haikuondoa manung'uniko. Fedha ya mteja hukatwa kodi na tozo kabla ya kugeuka uniti, na tangu Agosti 2021 hukatwa pia kodi ya jengo. Hapo mpangaji ndiye anayeumia: kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Basi kabla ya kubonyeza namba 20, soma risiti yote, na kama umepanga, itunze mpaka siku ya kuhesabiana na mwenye nyumba.