Kinyozi hajinyoi? Wembe na safari yake hadi mkononi mwa bi harusi



Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kwa karne nyingi maneno hayo yalikuwa kweli tupu, maana wembe wa zamani ulikuwa kipande cha chuma kilichonolewa, hauna kinga, na mtu kujinyoa nao mahali asipopaona ni kujitafutia jeraha. Ilibidi anyolewe. Kwa mwanamume hilo halikuwa na tabu, alikaa chini ya mwembe akanyolewa kichwa na ndevu huku anazungumza. Kwa mwanamke ilikuwa habari nyingine. Kuna mahali pa mwili wake ambapo hata mwanamke mwenzake hatakiwi kupaona, na hapo ndipo wembe ulipohitajika.

Sisi tunashona na kuvalisha maharusi hapa Shangani, ya Mtwara (dada zetu wa Unguja msije mkadhani ni ile ya Mji Mkongwe; yetu nayo iko ufukweni). Mwezi uliopita, ndani ya mzigo wa shela na ushanga, tuliletewa kinyoleo kipya cha chuma chenye makali upande mmoja tu. Tumekijaribu. Kabla ya kueleza kilivyotufanyia, tumeona tusimulie kilikotoka, kwa sababu kuna akina mama wanaosema kinyoleo cha mwanamke ni mambo ya kuiga Wazungu.

Si kweli. Wembe ni wetu, hata jina lake. Wanyarwanda walio mbali na bahari husema urwembe, na Warundi vilevile. Neno hilo ni la Kibantu, halikuja na jahazi. Na ukija kwenye dini, wembe wa mwanamke umo mlemle ndani ya hadithi. Mambo matano ya fitra aliyoyapokea Abu Huraira, yaliyomo katika Bukhari na Muslim, ni kutahiri, kunyoa nywele za kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyonyoa nywele za kwapa. Lile la pili kwa Kiarabu linaitwa istihdadi, na limetokana na hadidi, yaani chuma. Kwa hiyo jina lenyewe la tendo hili limebeba wembe. Anas bin Malik naye akapokea, katika Sahihi Muslim, kwamba wamewekewa muda wasiuache upite siku arobaini.

Iko nyingine tunayoipenda zaidi, ya Jabir. Mtume (S.A.W.) alikuwa akirudi safari na masahaba, na walipokaribia mji akawazuia wasiwaingilie wake zao ghafla, wangoje kwanza, ili mwenye nywele timtim apate kuchana na aliyeachwa na mume safarini apate kutumia wembe. Hebu fikirini. Msafara mzima wa wanaume, wana vumbi, wana hamu ya nyumbani, wanasimamishwa nje ya mji ili wanawake wapate nafasi ya kujitengeneza. Na anayetajwa kushika chuma hapo ni mwanamke.

Tena kuna kisa cha Khubaib bin Adiy (R.A.), mateka wa Makka aliyekuwa akingoja kuuawa. Aliomba wembe ajisafishe. Aliyemwazima alikuwa binti wa Harith, mwanamke wa nyumba ile. Kidogo mama akaghafilika, mwanawe akatambaa hadi kwa mateka, na alipogeuka akamkuta mtoto yuko pajani kwa Khubaib na wembe uko mkononi. Roho ikamruka. Khubaib akaona uso wake, akamwambia asihofu, hawezi kumuua mtoto yule. Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya ucha Mungu wa Khubaib, na ndivyo inavyostahili, lakini sisi mafundi tunaona na jambo jingine: mwenye wembe ndani ya nyumba ile alikuwa mwanamke.

Kwa hiyo mwanamke na wembe si jambo jipya. Kilichobadilika ni nani anaushika na ni wa nani.

Huku kwetu kusini wembe wa kwanza ulitoka kwa mhunzi, ukanolewa kwenye kinoo, ukahifadhiwa na mwenye kazi: ngariba, kinyozi, kungwi. Mtwara yenyewe ni mji mpya, uliokua na bandari iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Kabla yake soko la pwani hii lilikuwa Mikindani. Zilipokuja nyembe nyembamba za kiwandani, zile za kufungwa kwenye karatasi, zikaingia mikononi mwa watu walewale. Wembe ulikuwa kifaa cha mwenye ujuzi, kama cherehani ilivyo yetu. Bi harusi alipotiwa ndani, alisuguliwa singo, akatiwa hina, na somo wake akamnyoa malaika ya mwili, wakati mwingine na kwingineko. Mara nyingi wembe ulikuwa wa somo, naye alikuwa na maharusi wengi.

Huko ng'ambo walikuwa wanahangaika na tatizo lilelile la kinyozi hajinyoi. Katika karne ya 18 mtengeneza visu wa Ufaransa, Jean-Jacques Perret, aliuvalisha wembe kinga ya mti iliyoacha ukingo mdogo tu wa makali nje, kisha akaandika kitabu kizima cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe. Mwaka 1847 Mwingereza William Henson akaugeuza wembe ukae kwa kukingama na mpini, na yeye mwenyewe akaufananisha na jembe. Tulicheka tuliposoma hayo. Kwa Kiswahili wembe mdogo tunauita kijembe, na kijembe ni pia lile neno la kuchoma mtu kwa mafumbo. Kumbe na jembe lenyewe limo!

Halafu ndugu wawili wa New York, akina Kampfe, mwaka 1880 wakatoa kinyoleo kinachostahili kuitwa cha usalama. Kilikuwa na makali upande mmoja. Tabu yake ni kwamba wembe wake ulikuwa mnene, kila ukitaka kuutumia uutoe uunoe kwenye mkanda wa ngozi. King Camp Gillette akaja na wembe mwembamba wa kutumia na kutupa, wenye makali pande mbili. Mwaka 1903 aliuza vinyoleo 51 na nyembe 168, biashara ambayo mama wa genge angeionea huruma. Haki miliki aliipata 1904, na ilipofika 1918 serikali ya Marekani ikawanunulia askari wake vinyoleo milioni 3.5 na nyembe milioni 32. Kampuni za upande mmoja, kama Gem na Ever-Ready, ziliendelea kando yake.

Wanawake walikumbukwa 1915, Gillette alipotoa kinyoleo chembamba cha kike kiitwacho Milady Décolleté. Wamarekani hao wakadhani wamegundua jambo. Wanawake wa Madina walikuwa wameshamaliza kazi hiyo zaidi ya miaka elfu na mia mbili nyuma.

Baadaye vikaja vya nyembe mbili (1971), vya plastiki vya kutupa, kisha vya nyembe tatu, nne, tano. Hapa tuna neno la kusema, kwa sababu maharusi wetu wengi huja na ngozi ya miguu na kwapa iliyojaa vipele na weusi, wakidhani ni uchafu au hasadi. Si hivyo. Kinyoleo cha nyembe nyingi, ule wa kwanza hunyanyua unywele na unaofuata huukata chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka si neno. Za kwetu zimejikunja. Ncha iliyokatwa chini hujikunja tena humohumo, ikaota ndani ya ngozi, ikafura. Wembe mmoja hukata juu ya ngozi na kuishia hapo. Ndiyo sababu kinyoleo cha babu kimerudi kuuzwa leo kwa bei ya gauni.

Chetu tulichojaribu hutumia nusu ya wembe wa kawaida wa pande mbili. Unauvunja kati kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake, unachomeka nusu, unafunga. Hilo halikuwa geni kwetu hata kidogo. Fundi yeyote hufumulia mshono kwa nusu wembe, na vinyozi wa mtaani hufanya vivyo hivyo. Ugeni ulikuwa uzito. Mkono uliozoea plastiki unataka kukandamiza, na hiki hakitaki. Tulilainisha ngozi ya muundi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukalaza kichwa cha kinyoleo bapa juu ya ngozi, tukainua mpini kidogo kidogo mpaka tukasikia makali yanashika, tukakiacha kishuke kwa uzito wake kuelekea nywele zinakolala. Kinatoa sauti kama ya kitambaa cha hariri kinachochanwa. Mguu wa kwanza ulituchukua robo saa, wa pili chini ya hapo. Hatukukatika. Siku ya tatu, ambayo ndiyo siku ya vipele, hapakuwa na kipele isipokuwa nyuma ya goti, mahali ambapo ngozi haijanyooka na tulipita mara mbili.

Kasoro anazo. Kwapani kichwa chake ni kipana, inabidi kuinua mkono na kuvuta ngozi. Na hewa ya chumvi ya huku pwani inakula chuma. Ukiacha wembe na maji usiku mmoja, asubuhi una doa la kutu. Fungua, kausha kwa kitambaa, pitisha tone la mafuta ya nazi.

Sasa tuje kwenye lililotufanya tuandike. Bi harusi mmoja alikuja kupima gauni, akabaki amesimama baada ya vipimo kwisha. Somo wake ni bibi wa heshima, na alikuwa aje na wembe wake uleule. Binti alikuwa akiogopa mambo mawili, na yote mawili yana msingi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, nchi nzima imeimbiwa kila mtu na wembe wake. Watu husahau homa ya ini aina ya B, ambayo kirusi chake huweza kuishi nje ya mwili hata siku saba, na chanjo yake kwa watoto ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo maharusi wengi waliozaliwa kabla hawakuchanjwa utotoni. Hofu ya pili ni uchi. Wanazuoni wengi, na ndiyo kauli ya madhehebu yetu ya Shafi, wanasema uchi wa mwanamke kwa Mwislamu mwanamke mwenzake ni kati ya kitovu na magoti. Usomo hauondoi hilo. Zamani mtu angeweza kusema hakuna njia nyingine, kinyozi hajinyoi. Leo kipo kinyoleo chenye kinga, na udhuru ule umepungua sana.

Lakini mtu mzima hakataliwi kwa ukavu. Tulimshauri aweke kinyoleo chake kipya kwenye sinia ileile ya singo na liwa, na kanga ya somo juu yake, na akishaamkia shikamoo na kuitikiwa marahaba, aseme, "Somo yangu, mikono na miguu nisaidie wewe. Huko kwingine nifunze kwa mdomo, mkono uwe wangu." Somo, tuliambiwa, alikigeuza kinyoleo akakitazama pande zote, akauliza kimegharimu kiasi gani, akaguna. Kisha akakaa nje ya mlango wa bafu akawa anaelekeza kwa sauti: maji kwanza mwanangu, usikimbilie, vuta ngozi. Alipoondoka aliomba nusu ya pili ya ule wembe, ana mshono wa kufumua nyumbani.