Fremu Iliyokataa Kunesa

Fremu ya Boxer ya jirani yangu ilipasuka karibu na shingo, pale bomba kuu linapokutana na usukani, na Jumamosi moja nikamsindikiza kwa fundi wa kuchomelea. Kazi ilichukua kama dakika 20. Fundi alikwangua rangi, akachoma, akabandika kipande cha bamba juu ya ufa kama kiraka cha suruali, akapaka rangi nyeusi isiyofanana hata kidogo na ile ya zamani. Jirani akauliza, "Mzee, itashika?" Akajibiwa kwamba ikipasuka tena itapasukia mahali pengine. Kisha fundi akaongeza bila kuulizwa: "Shukuru ni chuma, kijana. Ingekuwa alumini ningekutuma kwa watu wa sufuria."

Nilicheka, lakini neno lile nililibeba hadi nyumbani. Kuna bingwa aliyeiacha timu bora kuliko zote siku chache kabla ya msimu kuanza, na sababu mojawapo ilikuwa hiyohiyo: chuma au alumini.

Jina lake Jeremy McGrath, kijana wa California aliyeanza na baiskeli za BMX. Mchezo wake ni superkrosi, yaani motokrosi iliyoletwa ndani ya uwanja wa mpira. Malori yanamwaga udongo, matingatinga yanajenga vilima vya kuruka, halafu inawekwa mistari ya matuta, moja baada ya jingine. Si matuta ya Thika Road ambayo dereva anayapunguzia mwendo. Haya unayapita kwa kasi, gurudumu la mbele likigusa vichwa tu, na ukikosea unarushwa juu ya usukani mbele ya watu elfu hamsini.

Kati ya 1988 na 1996, kila taji la daraja kuu la superkrosi ya Marekani lilichukuliwa na mtu aliyepanda Honda. Rick Johnson, Jeff Stanton, Jean-Michel Bayle wa Ufaransa, Stanton tena, halafu McGrath mara 4 mfululizo. Miaka 9, zote kwenye fremu ya chuma. Mwaka 1996 McGrath alishinda mbio 14 kati ya 15. Na hapa kuna jambo ninalolipenda sana: pikipiki aliyokuwa akiitumia mwaka huo ilikuwa bado na fremu ya muundo wa 1993. Honda ilikuwa imetoa mpya baada ya hapo, yeye akazikataa. Alishaijua ile moja, nayo ilimjua.

Halafu ikaja CR250R ya 1997, motokrosi ya kwanza ya kiwandani iliyouzwa kwa wingi ikiwa na fremu ya alumini yenye mihimili miwili mipana, mmoja kila upande wa injini. Ukiiona leo kwenye picha bado inavutia, inang'aa kama kitu kilichotoka angani. Wazo lilitoka kwenye mbio za lami, ambako Wajapani walikuwa wametumia mihimili ya namna hiyo tangu miaka ya 80. Kwenye lami fremu isiyotikisika ilionekana ni baraka. Basi nani angefikiri kwamba kwenye udongo ingekuwa adhabu?

Nilisoma uhandisi mitambo mihula 3 kabla ya kuacha chuo, na hili ni kati ya machache niliyotoka nayo. Ukichukua kipande cha chuma na kipande cha alumini vya ukubwa uleule, chuma ni kigumu kupindwa karibu mara 3. Pia ni kizito karibu mara 3. Kwa hiyo kwa kila kilo metali hizi mbili zinakaribia kulingana, na mtu angedhani hakuna cha kubishania. Kumbe umbo ndilo linaloamua. Ukiongeza kipenyo cha bomba mara 2 bila kubadilisha unene wa ukuta wake, uzito unaongezeka mara 2, lakini ugumu wake wa kupindwa unaongezeka takriban mara 8. Alumini ni nyepesi, kwa hiyo unaweza kutengeneza boksi pana bila kuifanya pikipiki iwe gogo. Na boksi pana halipindi.

Lakini kwa nini usitengeneze boksi jembamba zaidi, linese kidogo? Kunesa ninamaanisha kupinda na kurudi, kama tawi la mpera mtoto akiwa amelikalia. Hapa ndipo sufuria ya fundi inapoingia. Chuma kina kiwango fulani cha mzigo ambacho chini yake unaweza kukipinda na kukirudisha mara mamilioni na kisichoke. Alumini haina kiwango hicho. Kila mpindo, hata mdogo, inauhesabu. Shika mkono wa sufuria uliolegea, uucheze huku na huku. Siku moja utabaki nao kiganjani. Mhandisi wa Honda aliyetaka fremu ya kudumu alikuwa na kila sababu ya kuifanya isinese. Hakuwa mjinga. Alikuwa anaiogopa metali yake, na aliiogopa kwa haki.

Tatizo ni kwamba fremu isiyonesa inaupeleka mshtuko mahali pengine. Shokomzoba zinachukua mgongano wa juu na chini, sawa. Lakini kwenye kona yenye mifereji pikipiki imelala ubavu, na mapigo yanakuja kutoka pembeni, mahali ambapo shokomzoba hazina msaada mkubwa. Fremu ya chuma ilikuwa ikiyameza kidogo. Ile ya 1997 iliyapitisha moja kwa moja hadi kwenye viganja, mabega na mgongo. Waliopanda walilalamika kwamba inatetemesha, inachosha mikono, na gurudumu la mbele haliwapi habari za ardhi.

McGrath aliijaribu, hakuipenda. Tusidanganyane, mkataba nao ulikuwa na masharti yaliyomkera, yakiwemo ya kumzuia asicheze michezo mingine ya hatari. Siwezi kukupimia ni asilimia ngapi ilikuwa fremu na ngapi ilikuwa karatasi. Ila aliondoka, akaenda Suzuki, pikipiki ambayo hakuwa ameizoea hata kidogo, akashinda mbio 2 tu msimu mzima. Taji likaenda kwa Jeff Emig wa Kawasaki. Mwaka uliofuata McGrath akahamia Yamaha, yenye fremu ya chuma, akachukua ubingwa wa 1998, 1999 na 2000. Honda, iliyokuwa imetawala miaka 9, haikuliona tena taji hilo hadi Ricky Carmichael alipoirudishia mwaka 2002.

Ningeweza kuishia hapo na ungeondoka ukidhani chuma kilishinda. Huo ungekuwa uongo mtamu. Ulaya, kwenye viwanja vya wazi, Frédéric Bolley alikuwa bingwa wa dunia wa 250 mwaka 1999 na 2000 akiwa juu ya Honda ya alumini. Na Honda haikurudi nyuma. Ilirudi kwenye meza ya kuchorea. Mwaka 2000 ikatoa kizazi cha pili cha fremu, chembamba zaidi, na 2002 kizazi cha tatu. Kazi yote hiyo, ukiitazama kwa mbali, ilikuwa ya kuufundisha mhimili wa alumini kunesa mahali panapostahili bila kupasuka. Kufikia 2006 Suzuki, Kawasaki na Yamaha nazo zilikuwa zimeweka alumini kwenye pikipiki zao za 450.

Anayecheka mapema na achunguze pia upande wa pili. Miaka ya 60 Waingereza wa BSA walikuwa na bingwa wao, Jeff Smith, aliyeshinda ubingwa wa dunia wa 500 mwaka 1964 na 1965. Mwaka 1966 wakamtengenezea fremu ya titaniamu, nyepesi ajabu. Hiyo ilikuwa na ugonjwa wa kinyume: ilinesa kupita kiasi. Na ilipopasuka, hakuna fundi wa pembeni ya uwanja aliyeweza kuichomelea, kwa sababu titaniamu ya moto inaharibiwa na hewa ya kawaida na inahitaji kufunikwa na gesi ya agoni. Taji la mwaka huo likaenda kwa Mjerumani wa Mashariki, Paul Friedrichs, kwenye CZ ya Chekoslovakia. Nimemfikiria Smith akisukuma pikipiki ya bei ya nyumba huku mtu wa chuma cha kawaida akichomelewa chini ya mti.

Aliyebaki na chuma hadi leo ni KTM wa Mattighofen, Austria. Fremu zao ni za kromoli, chuma kilichotiwa kromu na molibdenamu, mabomba membamba ya rangi ya chungwa. Kwa miaka mingi walionekana washamba waliochelewa. Kisha Ryan Dungey akawapa ubingwa wa superkrosi wa daraja kuu mwaka 2015, wao wa kwanza, akarudia 2016 na 2017. Hata hivyo si pikipiki ya chuma mwanzo hadi mwisho: mkono unaoshika gurudumu la nyuma ni wa alumini. Na mwaka 2023 Jett Lawrence, kijana wa Australia, alishinda kila mbio za msimu mzima wa motokrosi ya Marekani, 22 kwa 22, kwenye Honda ya alumini. Kwa hiyo ukija kuniuliza metali gani ni bora nitakuangalia tu.

Kinachonifurahisha zaidi ni wanachofanya makanika wa timu siku hizi. Wana mabamba madogo yanayoifunga injini kwenye fremu, ya unene na metali tofauti, na wanayabadilisha kulingana na mpandaji. Wengine wanalegeza boliti za injini kidogo, kwa kipimo, ili fremu ipumue kwenye kona. Kampuni yenye kompyuta za kila aina inamtuma mtu na spana akamuulize kijana aliyejaa vumbi, "Sasa je? Unaisikiaje?"

Ile Boxer ya jirani inatengenezwa na Bajaj wa India. Bajaj walinunua hisa zao za kwanza KTM mwaka 2007, na KTM ilipokwama kwa madeni mwishoni mwa 2024, ni wao waliotoa pesa za kuikwamua mwaka uliofuata. Nilimwambia jirani hivyo tukiwa njiani kurudi, mimi nyuma, yeye akikwepa mashimo. Hakujibu. Alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza shingo ya pikipiki, na tulipolivuka tuta la kwanza aliinua kidole gumba bila kugeuka.